Nyongeza ya Boroni

Ayuma alifika duka la mbolea mtaani Shauri Moyo na kabichi moja kutoka magunia ya udongo anayolimia uani, bua limeoza katikati. Wateja wake wa mboga walishaanza kumkwepa. Mzee mwenye duka aliinusa kabichi, akachota unga wa boroni, kirutubisho cha mimea, kwa kijiko kama cha mwanasesere, akausawazisha kwa ukucha. Humpimia kila mtu hivyo, huku amezuia pumzi.

“Niongeze, baba.”

“Mmea hutaka chembe tu. Ikizidi, inaunguza.”

“Basi naenda kwa jirani.”

Mzee alihema, akatia kijiko cha pili kutoka kopo la chini ya meza. Kabichi zilinenepa, Ayuma akajigamba mtaa mzima. Aliporudi dukani, alimkuta mzee akisonga ugali kwa unga wa kopo lile lile.

“Kumbe!”

“Kabichi ilitaka kijiko kimoja, mama. Nyongeza ulitaka wewe.”

Ayuma akavuta kigoda, akala nusu ya ugali ule. Hiyo ndiyo ikawa nyongeza yake.