Ng'ombe Mwenye Watu Wengi

Ninaandika programu za kompyuta peke yangu, katika chumba cha kupanga mtaa wa Utemini. Wafugaji wa Ilongero waliniomba mfumo wa kusajili mifugo kwa simu. Kanzidata yangu ya kwanza, yaani hifadhi ya taarifa, ilikuwa ya majedwali, na jedwali ni kaidi: linataka kila ng'ombe awe na mwenyewe mmoja na zizi moja. Nilipomwamkia mzee wa kwanza na kumuuliza ng'ombe aliyesimama mbele yetu ni wa nani, akasema, "Wangu, ila analala kwa shemeji. Maziwa wanakunywa watoto wa shemeji. Mama wa ng'ombe huyu alikuja na mahari ya dada yangu."

Nilirudi nimekasirika, nikafuta majedwali yote. Nikahamia kanzidata ya aina nyingine, ambayo kumbukumbu ya kila anayesajiliwa inabeba mambo yake, mengi au machache, na mifugo ikiongezeka unaongeza seva tu.

Ili kuijaribu, nikamsajili yule ng'ombe, kisha nikajisajili mwenyewe. Ng'ombe alikuwa na mzee, shemeji, watoto na dada. Mimi niliandika jina langu, nikakaa nikitafuta mtu wa kuongeza. Jedwali lingenigomea kwa nafasi zilizobaki wazi. Kanzidata hii mpya ilinipokea hivyo hivyo, wala haikuuliza.