Wenzi wa Samaki wa Baba Timotheo

Mimi samaki wa kuangalia sikuwahi kuwaelewa. Samaki ni wa kula. Lakini jirani yangu Tobia, niliyezoea kumwita Baba Timotheo, alikuwa nao watano ndani ya tangi la kioo, hapa hapa Magamba milimani, na aliwahangaikia kuliko shamba lake.

Aliachiwa na bwana misitu, Mzungu ambaye Tobia alimpikia miaka kumi na moja. Mwaka wa Azimio la Arusha Mzungu akafunga virago, tangi likabaki. Samaki wenyewe wembamba, rangi ya matope, wana sharubu mdomoni na hushinda wamelala mchangani. Mzungu akiwaita lochi. Maji yetu ya baridi waliyapenda, ila waoga mno: kivuli kikipita tu, wote chini ya jiwe, chakula kinaoza. Mzungu alishasema dawa yake ni kuwawekea wenzi wapole wanaoogelea juu. Lochi wakiona wenzao hawashtuki, nao hutoka wakala.

Kutafuta wenzi hao ndiyo ikawa kazi ya Tobia. Mkewe alishafariki, mwanawe Timotheo yuko bandarini Tanga, na nyumba ile haikuwa na kingine kinachopumua. "Hawa wakifa," aliniambia, "nitaongea na nani?" Na mimi nimesimama mbele yake. Iliniuma.

Kwanza alileta perege wachanga wawili kutoka bwawa la shule. Wagomvi wale! Waliwanyofoa lochi sharubu, lochi wawili wakafa kabla wiki haijaisha. Perege niliwakaanga mimi mwenyewe, tonge moja moja, tukawamaliza.

Kwetu mgeni akija kuposa huulizwa kwanza ukoo wake. Basi Tobia naye akaona afanye hivyo kwa samaki. Akateremka Mombo kwa lori, akarudi na ndoo yenye kambare wa urefu wa kidole.

"Mama Efrazia, mtazame. Ana sharubu, anapenda matope. Huyu ni wa ukoo wao."

"Ukoo gani wenye mdomo mpana hivyo, Baba Timotheo?"

"Wewe mambo ya samaki unayajulia wapi?"

Nikamwacha, nikaenda kupalilia kabichi zangu. Miezi miwili baadaye kambare amenenepa, na lochi amebaki mmoja. Siku ile Tobia hakula. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini.

Kesho yake nilichukua kikapu cha kuoshea mboga nikaingia mtoni, maji yanakata miguu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili. Nikapata visamaki sita, vile ambavyo hata watoto hawavihangaikii kwa udogo. Kambare akatolewa, vyangu vikamiminwa. Vikaogelea juu juu, havina habari na mtu. Siku ya tatu lochi akatoa kichwa chini ya jiwe, akala mnyoo. Tobia akanishika mkono, akasahau kuuachia. Sikuuvuta.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nilipitia kwake, tukakaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Mume wangu alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, binti yangu Efrazia ameolewa Bungu. Nilimpenda Tobia, nisifiche. Nikangoja aseme yeye, maana kwetu mwanamke haanzi. Upumbavu mtupu.

Mwezi wa nane ikaja barua ya Timotheo: baba aje Tanga akae na wajukuu. Tobia aliisoma mara tatu mbele yangu, anacheka peke yake. Joto la Tanga lingemuua lochi, kwa hiyo akaniletea tangi nyumbani kwa toroli, maji yanamwagika njia nzima.

Siku ya safari alinipa maagizo tukiwa barabarani. Nisiweke perege, nisiweke kambare. Vile sita vikipungua, niongeze vya mtoni.

"Na akijificha siku mbili, Mama Efrazia, usimwache. Kaa naye karibu, atatoka tu."

"Na mimi nikijificha siku mbili," nikamuuliza, "nani atakaa karibu?"

Alicheka, akanipa mkono wa kwaheri, akapanda lori. Alidhani namtania.