Dakika Mbili za Shemeji

Dada wa marehemu mke wangu ni muuguzi, na wenzake kazini wanamwita Polepole. Hakujipa jina hilo na hakulikataa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa moja: kumdunga mgonjwa sindano ya kumlegeza kabla daktari hajampitishia kooni mpira wenye kamera, halafu kumwangalia anavyopumua mpaka azinduke. Daktari anaangalia tumbo. Yeye anaangalia kifua.

Chumba chake nakijua, maana kitanda cha mle ndani niliiuzia hospitali mimi mwenyewe, baada ya kuvutana wiki nzima. Kitanda, mtungi wa oksijeni, mashine ya kupima oksijeni ya damu yenye kibano cha kushika kidole, saa ya ukutani iliyopasuka kioo. Dawa anaivuta mwenyewe kwenye bomba la sindano, anabandika plasta, anaandika jina na kiasi. Bomba lisilo na plasta analitupa, hata kama amelijaza yeye dakika ile ile. Anasukuma kidogo, anasimama, anatazama saa dakika mbili nzima, ndipo anaamua kama aongeze. Dakika hizo ndizo zilizompa jina. Madaktari watatu wamemlalamikia kwa mkubwa wa wauguzi. Wote watatu wamehama, yeye yupo.

Mimi nauza samani zilizotumika. Nilianza na kiti kimoja cha mguu mbovu, na sikufika hapa kwa kusema ukweli wa kwanza unaonijia mdomoni. Mtu akikuuliza umejipanga kwa bei gani, unataja nusu. Akiuliza una haraka, huna. Ukizoea, ulimi unajiendesha wenyewe.

Mke wangu alipofariki, sikulia. Watu walisema nimekaza moyo. Sikukaza chochote, hapakuwa na cha kukaza. Siku ya nne nilifungua duka. Chakula nilikila kama mtu anayetafuna karatasi. Usingizi ukagoma, nikaanza vidonge, kimoja, kisha viwili. Muuzaji wa duka la dawa hakuniuliza cheti cha daktari, nami sikumkumbusha. Ikapita miezi saba, hakuna aliyejua. Tumbo lilipoanza kuuma wala sikuogopa. Shemeji ndiye aliyenipangia siku ya kipimo.

Asubuhi hiyo alikaa mbele yangu na fomu.

"Shemeji, mara ya mwisho umekula lini?"

"Jana saa mbili usiku." Hilo lilikuwa kweli.

"Pombe?"

"Unanijua. Ya bure nakunywa, ya kununua sinunui."

"Jana kuna aliyekupa ya bure?"

"Hakuna."

"Unakoroma?"

"Aliyekuwa anajua hayupo."

Aliruka jibu hilo kwenye fomu, akapaacha wazi. "Unatumia dawa yoyote? Ya presha, ya kifua, ya usingizi?"

"Hakuna."

"Nitazame. Hapa hatuuziani kabati."

"Nimeshasema hakuna. Au unataka niape?"

Usiku uliopita nilikuwa nimemeza vitatu. Ila kumwambia yeye, dada mtu, kwamba silali bila vidonge ingekuwa kumfungulia stoo ambayo hata mimi mwenyewe nilikuwa sijaingia.

Nilihisi ubaridi mkononi. Nikaona saa iliyopasuka. Basi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na daktari, mgeni pale, mtu wa haraka. Shemeji alisukuma kiasi kidogo, akasimama.

"Ongeza, dada," daktari akasema. "Nje kuna watu tisa."

"Dakika mbili."

"Si unaona bado anapepesa macho?"

"Dakika mbili, daktari. Ukitaka haraka, nenda kapime watu urefu."

Kabla dakika ya pili haijaisha nilikuwa nimezama. Kidevu kilianguka, ulimi ukaziba njia ya hewa, mashine ikaanza kulia: tisini, themanini na sita, themanini na moja. Shemeji alininyanyua taya kwa mikono miwili, akaagiza oksijeni, akawa ananiita, "Shemeji, vuta pumzi! Vuta!" Daktari alishika bomba la dawa ya kuzindua.

"Tumpe hii."

"Iweke karibu. Usimpe kwanza."

"Unasubiri nini?"

"Dozi yangu haimwangushi mtu hivi. Huyu ana kitu kingine mwilini, na kama amekizoea, ukimzindua ghafla anaweza kushikwa na degedege. Nikimshika anapumua. Nitamshika."

Akanishika. Dakika ishirini na tano, bila kumpokeza mtu. Namba zikapanda. Kipimo kikaahirishwa, wale tisa wakasubiri.

"Angeongeza pale nilipomwambia," daktari aliniambia baadaye, "pengine tusingekuwa tunaongea." Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Nilipozinduka, Shemeji alikuwa kwenye stuli, anakunja na kukunjua vidole.

"Vingapi?" akauliza.

Nilitaka kutaja nusu. Nikachoka kabla ya kuanza.

"Jana vitatu. Siku nyingine viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike."

Akaandika. Kalamu haikusita. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu.

"Usiviache kwa mkupuo," akasema. "Kuna daktari atakupunguzia kidogo kidogo, nitakupeleka. Sasa hivi huondoki, nakuangalia kwanza. Na gari leo huendeshi. Mpaka kesho saa hizi usiuze, usinunue, usitie saini popote."

"Kuna mtu anakuja kuangalia meza sita."

"Dawa ikiwa bado kichwani, utampa bure na utamsindikiza. Funga duka."

Alinikalisha pale mpaka mchana. Nikawa nalala na kuamka, na kila nilipofumbua macho alikuwa palepale, anatazama kifua changu, si uso. Kisha akanipakia kwenye gari lake, akanifunga mkanda mwenyewe. Kwenye taa nyekundu tukasimama.

"Wewe unalala?" nikamuuliza.

"Mara chache."

Taa ikawaka kijani. Nilisubiri nihisi kitu, sikuhisi. Mlangoni kwangu alizima injini, akatoa ile fomu kwenye mkoba na kuifungua mahali alipokuwa amepaacha wazi.

"Na unakoroma," akasema. "Nimeshajaza."