Roboti Yenye Adabu

Mimi nilitaka roboti yetu iwe na magurudumu ya kwenda kikaa, ubavu ubavu kama kaa wa pwani. Nilikuwa nimeyaona kwenye simu: roboti inateleza kushoto, inateleza kulia, wala haigeuki. Raha tupu! Mwenzangu, msichana mwenye kichwa kigumu kunizidi, alitaka magurudumu sita ya kawaida, matatu kila upande, yale ya katikati yashushwe kidogo ili roboti igeuke kwa wepesi.

"Hilo ni lori la miwa," nikamwambia.

Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, na uwanjani kungekuwa na mwinuko wa kupandishia maboksi. Washindi wa Morogoro wangekwenda Dar es Salaam. Niliitamani safari hiyo mpaka nguo nilikuwa nimeshazichagua.

"Acha ubishi bwana," akasema. "Twende kwenu tukajaribu."

Kwetu ni Bigwa, ambako hata ua ni mlima. Tukaegemeza ubao barazani. Magurudumu yangu yalipanda hadi katikati, yakafikiria, kisha yakateleza kinyumenyume na kumwaga ndoo ya maji. Nikanuna. Tukafunga ya kwake. Roboti ikapanda moja kwa moja, ikasimama ghafla mbele ya bibi yangu aliyekuwa akichambua mchicha. Ikainama, ikainuka.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaitikia, mikono ikiwa bado kwenye mchicha.

Tulicheka mpaka machozi. Kumbe kwa sababu ya magurudumu yale ya katikati kuwa chini kidogo, roboti ikifunga breki huyumba mbele na nyuma. Mwenzangu aliona aibu, akataka kuyapandisha yalingane na mengine. Sasa mimi ndiye niliyegoma.

"Itageuka kwa shida. Halafu itakosa adabu!"

Fainali tulikutana na roboti ya kikaa. Ilikuwa nzuri, nakiri, na wivu ulinishika. Ilicheza huku na huko, watu wakashangilia. Lakini ilipotuzibia njia chini ya mwinuko, yetu iliisukuma pembeni kama mlango usiofungwa, ikapanda na boksi la mwisho. Nikaachia rimoti. Ikasimama mbele ya meza ya waamuzi, ikainama.

Mwamuzi mkuu, mama aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akashindwa kujizuia.

"Marahaba!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mwenzangu akanirukia shingoni, akaninong'oneza, "Lori la miwa linakwenda Dar."