Hatua Saba kutoka Mafigani

Kilima kile, juu kidogo ya kijiji cha Kingi, Leta ilikichukua bila kukijengea kitu. Serikali ya Wabelgiji tuliiita Leta, na Leta ikitaka kilima haikuomba. Walikata njia moja ya kupandia, wakasimika kibao, wakatuhamishia bondeni, basi. Jumapili Wazungu walikuja na vikapu, wakapanda hadi juu kwa miguu, wakakaa kula pale yalipokuwa mashamba yetu ya maharage. Mpaka leo sijamwelewa mtu anayebeba mkate wake kutoka nyumba yenye joto akaule kwenye baridi.

Mimi nilikuwa na mtoto huko juu. Binti yangu wa kwanza, aliyekufa kabla ya kuota jino. Kwa wakwe zangu mtoto wa namna hiyo hakuwekewa msalaba wala tuta, hata kama sote tulikuwa watu wa kanisa. Alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, na mahali pake mama ndiye aliyepashika moyoni. Mimi nilipajua hivi: hatua saba kutoka mafigani, upande wa jua kuzama.

Kabla hatujahamishwa, karani alipita nyumba kwa nyumba.

"Mwenye iko na kaburi hapa, aonyeshe leo," alisema. "Leta itaizungushia miti, na mutakuwa munakuja kuiangalia."

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama mkwe alinishika mkono.

"Usionyeshe, mutoto wangu. Mwenye mimba akionyesha kaburi ya mutoto, anaita na huyu wa ndani."

Mume wangu alinitazama, akangoja niseme. Nikamwambia karani hakuna kaburi, naye akaandika hivyo. Niliogopa. Yule wa tumboni alizaliwa mzima, na bado najuta.

Baadaye mlinzi wa kilima alitafuta mwanamke wa kupalilia njia siku za Jumamosi. Nilienda mbio kabla hajapata mwingine. Nyumba ilikuwa imebomolewa, migomba imekatwa yote, majani matupu kila upande. Lakini mafiga yangu matatu yalikuwepo, meusi vilevile, Wazungu wakiyatumia kuchemshia maji yao kila Jumapili. Nilihesabu hatua saba, nikapiga magoti, nikajifanya nang'oa magugu. Nilimpa binti yangu habari za nyumbani: mdogo wake ameanza kutembea, bibi yake amekuwa mkali kupita kiasi, baba yake anakohoa. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Mume wangu hakuwa na kazi pale, hakuruhusiwa kupanda, kwa hiyo alingoja habari kwangu.

Jumapili moja mlinzi aliniita nisaidie kuchota maji, maana wageni walikuwa wengi. Moshi uliwaingia machoni. Bwana mmoja alisema neno, na wapishi wake wawili wakayainua mafiga, wakaenda kuyaweka nyuma ya kichaka.

Nilipiga kelele kama mwendawazimu. "Papa, bayarudishe! Haya mawe inakaaga hapa!"

Mlinzi alicheka. "Mama, haiko na nafasi yake. Mwaka wa kwanza ilikuwa kule chini. Upepo ilibashinda Bazungu, njo maana tukaileta hapa. Wewe ulikuwa hauyaanza kazi."

"Kule chini wapi?"

Alizungusha macho kwenye mteremko wote. "Kule. Ao kule. Nimesahau, Mama."

Niliwapelekea wageni maji yao. Kisha nilitembea mteremko ule nikiutafuta udongo mgumu wa sakafu yetu kwa nyayo, lakini majani yalikuwa sawasawa popote nilipokanyaga. Miaka mitatu nilikuwa nimezungumza na udongo mtupu, na mtoto wangu yuko kwingine kwenye mteremko huo bila kusikia hata neno.

Mume wangu nilimkuta amekaa mlangoni na blanketi lake mabegani.

"Umemusalimia?"

"Nimemusalimia."

"Nafasi yake iko safi?"

"Iko safi."

Alifurahi. Akaomba maji ya kunawa, akala viazi vyake vyote. Mimi nilisema nimeshiba.