Chupa Isiyo na Anwani

Mwaka ule nilikuwa naamka nimechoka. Nilikuwa mpishi katika shule moja ya bweni upande wa Bahati, na mpishi hula bila kukaa mezani: kijiko cha maharagwe kuonja chumvi, ukoko wa ugali uliobaki sufuriani, chai ya saa nne, chai ya saa kumi. Mwili uliongezeka, magoti yakaanza kuuma, na kwenye zahanati nikaandikiwa vidonge vya presha.

Rafiki yangu, tuliyeimba naye kwaya miaka mingi, akaniletea chupa ya vidonge vya kijani.

"Ni majani tu, hakuna kemikali," aliniambia. "Njaa inaisha kabisa."

Alikuwa rafiki yangu. Sikuuliza zaidi.

Njaa iliisha kweli. Nilipika githeri, mahindi na maharagwe, ya shule nzima bila kutamani hata punje moja. Usingizi nao ukapotea. Wiki ya pili, nikisonga ugali wa mchana, moyo ulianza kwenda mbio hadi nikaachilia mwiko na kukaa juu ya gunia la unga. Mwenzangu wa jikoni alinishika mkono, tukaenda zahanati.

Daktari alinipima presha mara mbili. "Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna."

Sikudhani ninadanganya. Kwangu mimi majani yalikuwa kama mboga tu. Ila alipouliza tena polepole, "Hata mitishamba? Hata kitu cha kupunguza mwili?" nilitazama sakafu, nikamwambia. Alinikataza kumeza hata kimoja tena.

Jumamosi nilibeba ile chupa hadi duka la dawa karibu na Bondeni. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi anayeongea kwa upole. Aliigeuzageuza chupa karibu na miwani yake.

"Mama, nani ametengeneza hii?"

"Sijui."

"Ndani kuna majani gani?"

"Imeandikwa mitishamba asilia."

"Hata tumbaku ni majani," alisema. "Hapa hakuna anwani, hakuna namba ya usajili, hata tarehe ya kuharibika hakuna. Ikikudhuru, utamuuliza nani?"

Nikamwambia kuhusu presha yangu, akanieleza kwamba vidonge vingine vya aina hii huchanganywa na dawa kali kwa siri, ndiyo maana njaa hukatika ghafla namna ile. Mtu wa presha, alisema, amwonyeshe daktari kabla ya kununua, si baada ya kuugua.

Niliona aibu, lakini bado nilitaka kusaidiwa. Nikamuuliza kama ana kitu kizuri. Alitoa pakiti ya maganda ya mbegu yaliyosagwa, yenye jina la kiwanda na kila kilichomo.

"Hii haiui njaa. Inakushibisha mapema kidogo, ukiinywa na maji mengi. Usiinywe wakati mmoja na vidonge vyako vya presha. Na muulize daktari kwanza."

Ni muuzaji wa kwanza aliyewahi kuniambia nisinunue leo. Wiki iliyofuata daktari alikubali, nami nikarudi kuichukua.

Kumwambia rafiki yangu ndiko kulikonichosha kabisa. Nilimvuta kando baada ya ibada, nikamweleza yote.

"Mimi mwenyewe navitumia na niko sawa," alisema. Nilimwona macho yamemwingia ndani na midomo imemkauka. "Tafadhali, usiniharibie jina hapa kanisani."

Nilimwomba aende kwa yule mzee tu, asikilize. Alichukua kitabu chake cha nyimbo, akaondoka.

Mwili wangu umepungua kidogo sana. Presha imetulia, na siku hizi ninapakua chakula changu kwenye sahani, ninakaa, ninakula mara moja. Nikilala, usingizi unakuja. Mimi na rafiki yangu tunasalimiana kwenye geti la kanisa, habari, nzuri, kisha kila mtu anaenda zake.