Muuza Besi wa Kitangari Aliyeshindwa Kuniamkia

Nililoliona Kitangari nililiona kwa macho yangu haya, jua likiwa juu, na sikuwa na homa wala usingizi. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha asikilize. Mimi sikuingia darasani. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, na nimemkataza kupunguza neno, kwa sababu yaliyotokea yalimpata yeye.

Kwaya yetu hapa Lupaso ilihitaji gitaa la besi. Neema akaliona moja kwenye simu, katika matangazo ya vitu vilivyotumika: jekundu, nyuzi nne, muuzaji yuko Kitangari. Alitaka kwenda peke yake. Nikamwambia, "Hununui kitu kwa mtu ambaye mimi sijamwona uso." Tukapanda gari hadi Newala, kisha bodaboda.

Nyumba ilikuwa peke yake nyuma ya mikorosho. Akatoka kijana, shati safi, tabasamu pana.

"Karibuni, karibuni! Neema, kumbe umekuja na mlinzi?"

Mlinzi ndiye mimi. Nikasubiri salamu yangu. Haikuja.

Akainua ndoo iliyojaa maji, akayamwaga yote kunawa mikono tu. Nisikilize vizuri. Mimi nimezaliwa huko juu uwandani, ambako maji ni ya shida. Nimepanda mlima na ndoo kichwani kutoka bondeni tangu utotoni. Ni nani Kitangari anayenawa kwa ndoo nzima? Nikatazama miguuni pake. Mchanga ulikuwa mkavu.

Tayari alikuwa amemvika Neema mkanda wa gitaa. "Lipige kidogo, dada. Ukilipenda, tutaelewana."

Neema akaupiga uzi mnene. Ukatetemeka, bila sauti yoyote.

"Halina spika, Bibi, ndiyo maana," Neema akanieleza. Lakini hakunitazama. Macho yake yalikuwa yameganda kwa yule kijana, na kidole chake hakikutoka kwenye uzi.

"Wewe kijana," nikasema, "hujaniamkia."

"Aa, Bibi! Biashara kwanza."

"Hakuna biashara. Ningeweza kumzaa mama yako. Niamkie."

Akacheka. Nikarudia. Akafumbua kinywa, na niamini, halikutoka neno. Ulitoka mvumo mzito wa uzi ule, ile sauti iliyokosekana kwenye gitaa, hadi mabati ya nyumba yakatetemeka. Akajaribu tena, mvumo uleule. Tabasamu lilibaki palepale.

Unadhani nilipiga kelele? Nilikibandua kidole cha mjukuu wangu kama unavyobandua ukoko wa ugali, nikamvua mkanda, nikaliegemeza gitaa ukutani kwa adabu, maana halikuwa mali yetu. Tukaondoka polepole. Sikutaka auone mgongo wa mtu anayekimbia.

Neema ni mzima. Lakini kidole kile hakijapata joto hadi leo. Hushika nacho kaa la moto jikoni bila kuungua, na uzi wa gitaa lolote anaougusa hunyamaza. Kwaya imempa ngoma.

Nanyi mnaonunua vitu kwa simu, msidanganywe na picha nzuri na majibu ya haraka. Tangazo lile bado halijaondolewa. Asubuhi hii Neema amenisomea: mtu wa Nanganga ameuliza, "Bado lipo?" Naye amejibiwa, "Lipo. Njoo peke yako."

Wewe wa Nanganga, sikujui, lakini mimi ni mkubwa wako. Nakukataza.